Mtoto Njiti na Pumzi Yake



Mwezi huu nilikusudia tuzungumze juu ya kumwachisha mtoto ziwa, lakini nimepokea barua iliyonifanya niweke mada hiyo kando. Mama aliyeniandikia ameniruhusu niwaeleze yaliyomo, bila kutaja jina lake wala mahali anapokaa, ili na wengine wasaidike.

Mama huyu ana miaka 27. Mwaka juzi, mimba yake ikiwa na miezi saba na siku chache, chupa ilipasuka asubuhi akiwa jikoni. Mume wake alikuwa safarini. Uchungu ulikuwa haujaanza, basi akafunga khanga, akajilaza, akasubiri. Alisafiri kwenda hospitali usiku wa manane, uchungu ulipokwisha kushika sana, akajifungua muda mfupi baada ya kufika. Alikuwa mtoto wa kike, gramu 1,400. Alilia kidogo, kisha akaanza kuguna kila anapotoa pumzi. Akachukuliwa, akawekwa kwenye chumba cha joto, akapewa oksijeni. Mama akaambiwa apumzike. Alfajiri ya siku ya pili nesi alikuja kumwambia kwamba mtoto amefariki.

"Sikumbeba hata mara moja," anaandika. "Nilimbeba akiwa amekwisha kufungwa kitambaa."

Nyumbani mama mkwe wake alisema ni kwa sababu ya kubeba ndoo za maji kichwani. Wifi yake akasema bora mtoto wa miezi saba angekufa mapema kuliko kulelewa kwa taabu. Na mama mmoja wa kanisani alimwuliza kama alikuwa ametubu dhambi zake zote. Sasa mama huyu ana mimba nyingine, ya miezi mitano. Ananiuliza maswali mawili. La kwanza: "Je, mimi ndiye niliyemwua mwanangu?" La pili: "Huyu aliyeko tumboni nifanye nini ili naye asikose pumzi?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi. Nitakujibu maswali yote mawili, na wasomaji wengine watusikilize.

MTOTO HAPUMUI TUMBONI

Kwanza tuelewe jinsi pumzi inavyoanza. Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa maji. Oksijeni anaipata katika damu ya mama yake, kupitia kondo la nyuma na kamba ya kitovu. Siku anapozaliwa, katika dakika chache, maji yale hunyonywa na mwili, hewa inaingia, na mapafu ambayo hayajawahi kufanya kazi hiyo yanatakiwa kuifanya bila kupumzika mpaka siku ya kufa. Hakuna mabadiliko makubwa kama hayo katika maisha yote ya mwanadamu.

Ndani ya mapafu mmejaa vijifuko vidogo sana vya hewa. Ni katika vijifuko hivyo oksijeni huingia kwenye damu. Sasa, umewahi kupuliza puto jipya? Pumzi ya kwanza ni ngumu, mashavu yanauma. Lakini likishaanza kutanuka, pumzi zinazofuata ni rahisi. Ndivyo ilivyo kwa mapafu ya mtoto. Mtoto aliyetimiza siku zake hulipuliza puto mara moja kwa kilio chake cha kwanza, na vijifuko havifungiki tena kabisa, hubaki na hewa kidogo ndani. Kinachovizuia visijifunge ni utelezi maalumu unaovipaka kwa ndani, unaofanya kazi kama sabuni kwenye maji. Maji matupu hayatengenezi povu linalokaa, lakini ukitia sabuni, povu linasimama. Wataalamu wanauita utelezi huo safaktanti.

Hapa ndipo penye tatizo. Mwili wa mtoto huanza kutengeneza utelezi huo kwenye wiki ya 24 hivi ya mimba, lakini kwa kawaida haumtoshi mpaka wiki ya 34 au 35. Mtoto anayezaliwa kabla ya hapo anaweza kukuta vijifuko vyake vikijifunga kila anapotoa pumzi. Kila pumzi kwake inakuwa kama ile ya kwanza ya kupuliza puto jipya. Hebu fikiria kazi hiyo, mara 60 au 70 kwa dakika, kwa mtoto wa gramu 1,400. Baada ya saa kadhaa anachoka. Asiposaidiwa, anaacha.

Na kule kuguna ulikokusikia, dada yangu, si kwamba mwanao alikuwa akilia kwa ajili ya kukosa kitu ulichomnyima. Mtoto wa namna hiyo hubana koo lake wakati wa kutoa pumzi ili hewa isitoke yote, vijifuko visijifunge. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akipigania uhai kwa njia aliyopewa na Muumba wake.

YA MIEZI SABA NA MIEZI MINANE

Wengi wetu tumelisikia neno hili tangu utotoni: kwamba mtoto wa miezi saba huishi, lakini wa miezi minane hufa. Nawaombeni tuliache. Si kweli. Kila wiki mtoto anayokaa tumboni ni faida kwa mapafu yake. Wa miezi minane ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko wa miezi saba, na wa miezi saba kuliko wa miezi sita. Nadhani neno hilo lilianza kwa sababu mtoto wa miezi saba aliyepona alikumbukwa na kijiji kizima kama muujiza, na wale wengi waliokufa hawakuhesabiwa.

Neno hilo lina madhara. Mama akipatwa na uchungu kwenye mwezi wa nane huambiwa hakuna haja ya kukimbilia hospitali. Na kuna madhara mengine ya kisasa: wako wanaomwomba daktari awapasue mapema kidogo ili mtoto azaliwe siku fulani wanayoipenda, au kabla baba hajarudi kazini. Mtoto anayetolewa kwa kisu kabla ya wiki 39, bila uchungu kuanza na bila sababu ya ugonjwa, ana hatari kubwa zaidi ya kupata shida ya kupumua. Kama hakuna sababu ya kitabibu, tumwache atimize siku zake.

HATA MTOTO WA RAIS

Usidhani ugonjwa huu huwapata maskini au wenye dhambi peke yao. Mwaka 1963, tarehe 7 Agosti, mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati. Alikuwa na uzito wa kilo 2.1, mkubwa kuliko njiti wengi tunaowaona. Alipelekwa Boston, kwenye madaktari bingwa na vyombo vyote vilivyokuwapo wakati ule. Alikufa tarehe 9 Agosti, akiwa na saa 39 tu tangu kuzaliwa. Baba yake alikuwa mtu mwenye uwezo kuliko karibu wote duniani, wala hakuweza kumnunulia mwanawe pumzi.

Cha kuhuzunisha ni kwamba katika mji huohuo wa Boston, miaka minne kabla yake, yaani 1959, daktari mwanamke aliyeitwa Mary Ellen Avery, pamoja na mwenzake Jere Mead, walikuwa wamekwisha kueleza kwamba watoto hawa hufa kwa kukosa ule utelezi. Sababu ilijulikana, lakini dawa ilikuwa bado. Ilikuja polepole. Mwaka 1980 daktari Tetsuro Fujiwara wa Japani alitoa habari za watoto kumi aliowatia mapafuni utelezi uliotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe, wakapata nafuu. Leo mtoto mwenye umri na uzito kama wa Patrick huishi karibu kila mara katika hospitali zenye vifaa. Lakini dawa hiyo ni ya bei kubwa, na hospitali zetu nyingi hazina. Ndiyo maana ni lazima tujue njia nyingine ambazo tunaziweza.

SINDANO KABLA YA KUZALIWA

Huko New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa akichunguza kondoo wenye mimba. Aliona kwamba mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa fulani ya homoni alikuwa akipumua, ingawa kwa umri wake alistahili kufa. Yeye na mwenzake Ross Howie wakaijaribu dawa ya namna hiyo kwa akina mama waliokuwa karibu kujifungua kabla ya wakati, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba watoto wao walipata shida ya kupumua kwa uchache zaidi.

Tangu hapo kuna sindano ambayo mama huchomwa, si mtoto, ili kuyakomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni. Inayotumika zaidi kwetu ni deksamethasoni. Si dawa ya gharama kubwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 kutoka nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 ambao mama zao hawakupata dawa hiyo, 235 walikufa katika siku 28 za kwanza. Kwa waliopata, walikufa 196. Hao 39 waliobaki hai katika kila 1,000 ni watoto wa watu.

Lakini nisikilizeni vizuri: sindano hii si ya kununua duka la dawa na kuchomwa nyumbani. Utafiti mwingine wa mwaka 2015, ulipojaribu kuieneza kila mahali, ulionyesha kwamba inaweza hata kuleta madhara ikitolewa kwa mama ambaye umri wa mimba yake haujulikani vizuri. Inafaa hospitali, pale ambapo umri wa mimba unajulikana, mama hana dalili za maambukizo, na mtoto akizaliwa kuna wa kumhudumia. Tena inahitaji muda wa kufanya kazi. Mama anayefika dakika chache kabla ya kujifungua hawezi kufaidika nayo kama yule aliyefika jana yake.

SASA SWALI LAKO LA KWANZA

Dada yangu, sitakudanganya, maana umeniuliza kwa uaminifu. Ule muda tangu asubuhi hadi usiku ulikuwa na thamani. Kama ungefika hospitali chupa ilipopasuka, huenda ungechomwa sindano hiyo, na huenda ingemsaidia. Sisemi kwamba angepona, maana hilo hakuna anayelijua.

Lakini kati ya kuchelewa kwa kutojua na kuua kuna umbali kama mashariki na magharibi. Nani alikuwa amekuambia kwamba chupa ikipasuka bila uchungu ni jambo la kwenda hospitali saa ileile? Hakuna. Mara nyingi hata sisi wauguzi tunapima tumbo, tunaandika kwenye kadi, tunaita mwingine, wala hatusemi. Hukuwa na mume nyumbani, wala hukuwa na mtu wa kukushika mkono. Ndoo za maji hazikumwua mtoto. Na yule aliyekuuliza habari za dhambi zako, akasome Injili ya Yohana sura ya 9, aone jinsi Bwana Yesu alivyowajibu wanafunzi waliouliza swali la namna hiyohiyo juu ya kipofu. Hukumwua mwanao. Mlilie, mpe jina kama hukumpa, kisha simama, maana kuna mwingine anayekutegemea.

SIFA NA HATARI ZA OKSIJENI

Watu wengi hufikiri kwamba mtoto akishawekewa mpira wa oksijeni puani basi yote yamekwisha. Oksijeni ni ya lazima kwa mtoto aliyebadilika rangi, lakini peke yake haizuii vijifuko kujifunga. Ndiyo maana siku hizi kuna chombo ambacho wahudumu hukiita sipapu. Husukuma hewa kwa upole puani mwa mtoto bila kukatiza, na mpira wa upande wa pili umezamishwa ndani ya chupa ya maji, hewa ikitoka inabubujika. Kinachofanyika ni kilekile mtoto alichokuwa akijaribu kukifanya kwa kuguna. Katika hospitali kubwa ya Blantyre, Malawi, matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kati ya watoto wachanga 100 wenye shida kubwa ya kupumua waliopewa oksijeni tu, walipona 44. Kati ya 100 waliowekewa chombo hicho, walipona 71.

Tena oksijeni ikizidi inadhuru macho ya njiti. Mwanamuziki Stevie Wonder wa Marekani alizaliwa mwaka 1950, wiki sita kabla ya wakati, na alipofuka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtoto wako akiwa kwenye oksijeni, usione ajabu nesi akiipunguza. Hamnyimi. Na wewe usiiongeze kwa mkono wako nesi akitoka. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, uliza kama macho ya mtoto yanahitaji kupimwa, na lini.

Kuna watoto waliowekewa mpira kooni kwa siku nyingi ili mashine iwapumulie. Wengine hubaki na kovu kwenye njia ya hewa. Ukisikia mtoto aliyepitia hayo ana sauti iliyokauka, au anavuta pumzi kwa mlio kama mluzi, mrudishe kwa daktari. Na wengine mapafu yao huchukua muda mrefu kupona, wakahitaji oksijeni kwa wiki nyingi. Usikate tamaa juu yao. Vijifuko vya hewa huendelea kuongezeka baada ya kuzaliwa, na mtoto anayekula na kukua, mapafu yake nayo hukua.

MTOTO ANAYESAHAU KUPUMUA

Jambo jingine linalowaogopesha akina mama ni hili. Mtoto amelala vizuri, ghafla pumzi inakatika. Sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji bado ni changa, basi ni kana kwamba anasahau. Kusimama kwa sekunde tano au hata kumi kisha akaendelea, bila kubadilika rangi, ni jambo la kawaida kwa njiti. Lakini pumzi ikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, au akibadilika rangi au kulegea, hiyo ni hatari. Hospitali humpa dawa ya kumwamsha ubongo, kama kafeini au aminofilini. Wewe uliye karibu, msugue nyayo au mgongo kwa upole huku ukimwita mhudumu. Usimtikise, usimmwagie maji.

KIFUA CHA MAMA

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo halinunuliwi. Mwaka 1978 huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na hospitali yenye njiti wengi na vyumba vya joto vichache. Watoto waliwekwa pamoja, wakaambukizana, wakafa. Akaanza kuwafunga kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mtoto wake. Wengi waliona ni njia ya maskini, ya kutumia pale panapokosekana mashine.

Kwa miaka mingi tuliamini kwamba mtoto aanze kwanza kutulia kwenye mashine, ndipo apewe mama yake. Basi kati ya mwaka 2017 na 2020 jambo hilo likajaribiwa katika hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwetu ikiwa Muhimbili. Watoto wenye uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa. Wengine walisubiri watulie kwanza, wengine walifungwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, karibu saa 17 kwa siku. Kati ya 1,000 waliosubiri, walikufa 157 katika siku 28. Kati ya 1,000 waliofungwa mara moja, walikufa 120. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza njiti waanze kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, isipokuwa wale walio mahututi wasioweza kupumua wenyewe.

Kwa nini kifua kinasaidia pumzi? Kwanza, mtoto akipoa mwili hutumia oksijeni nyingi kujipasha moto, naye hana ya kupoteza. Pili, kupanda na kushuka kwa kifua chako na mapigo ya moyo wako humsisimua asisahau kupumua. Tatu, ananyonya mapema. Maziwa yako ya kwanza humkinga na maambukizo.

Mtoto huwekwa wima katikati ya matiti, amevaa nepi, kofia na soksi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo ili koo lisijikunje. Kisha unafunga khanga au kitenge kwa nguvu ya kutosha, sehemu ya juu ikifika chini ya sikio lake, tumbo lake likiwa na nafasi ya kupumua. Usimfunike uso.

SWALI LA PILI: UFANYE NINI SASA

Dada yangu, na kila mwenye mimba anayesoma, shikeni haya:

1. Andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, uende kliniki mapema. Umri wa mimba usiojulikana huwanyima wahudumu nafasi ya kukusaidia.

2. Waambie kliniki wazi kwamba uliwahi kujifungua kabla ya wakati. Aliyewahi kupatwa yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa tena. Usifiche kwa aibu.

3. Tibu malaria, maambukizo ya njia ya mkojo, upungufu wa damu, na pima shinikizo la damu na sukari kila inapotakiwa. Sukari ya mama isipotibiwa nayo huchelewesha mapafu ya mtoto kukomaa.

4. Chupa ikipasuka, damu ikitoka, kiuno kikivuta na kuachia kwa mpangilio, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, usingoje uchungu wala kurudi kwa mume. Nenda saa hiyohiyo. Weka nauli tangu sasa, pamoja na jina la jirani wa kukusindikiza.

5. Nenda, kama inawezekana, kwenye hospitali yenye chumba cha watoto wachanga. Mtoto husafiri salama zaidi akiwa tumboni kuliko kwenye khanga garini.

6. Ukifika, uliza kwa heshima: "Je, nastahili sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto?" Na akizaliwa: "Naomba nimbebe kifuani." Ukikataliwa, uliza ni lini utaruhusiwa.

Mkishafika nyumbani na njiti, mrudisheni hospitali upesi mkiona anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, anaguna, mbavu zinabonyea ndani, pua zinatanuka, ulimi umekuwa wa bluu au kijivu, anapoa mwili, au anakataa kunyonya. Jiko la mkaa na moshi wa kuni visiwe chumba anacholala, wala sigara. Mwenye mafua asimbusu wala asimpakate, hata kama ni shangazi aliyetoka mbali na zawadi. Mafua madogo ya mtu mzima yanaweza kuwa kifo kwa mapafu machanga. Chanjo zake huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, si siku aliyopaswa kuzaliwa.

NENO KWA WENGINE

Akina mama wa kanisa, mkimtembelea mama mwenye njiti, msiende kumhesabia sababu. Mchukulieni uji, mfulieni nguo, salini naye, mwondoke mapema ili alale na mtoto wake kifuani. Akina baba nao wanaweza kubeba. Kifua cha mwanamume kina joto lilelile, na nimeona wanaume wenye sauti kubwa wakinyamaza kabisa baada ya kufungwa mtoto wa kilo moja na nusu. Kuomba na kwenda hospitali si mambo mawili yanayopigana. Anayeomba akiwa njiani kwenda hospitali ameomba vizuri.

Na wewe dada yangu, mwite mama mkwe wako. Usimsute kwa yale maneno ya ndoo. Huenda naye alizika wake zamani, akaambiwa hivyohivyo. Mwonyeshe ukurasa huu, umfundishe namna ya kufunga khanga, ili kama mjukuu wake atakuja mapema, viwepo vifua viwili vya kupokezana usiku.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinatuonyesha Mungu akimpa mtu wa kwanza pumzi kwa karibu sana, kama mama anavyomwinamia mtoto. Yeye ndiye mwenye pumzi. Nasi ametupa mikono, akili na vifua vya kuilinda.

Nitakuombea kila siku mpaka utakapojifungua. Uniandikie.

Tuonane mwezi ujao, Bwana akipenda.